Na Ngitili Je?

Mthamini alifika kwa bibi asubuhi moja ya Agosti 2019. Alikuwa na vijana wawili, futi kamba, kamera na bunda la fomu. Alisalimia vizuri, "Mwangaluka mayu," na bibi akafurahi kwamba mtu wa serikali anajua Kisukuma. Kisha wakaanza kuhesabu.

Walihesabu miembe, mkubwa peke yake na mdogo peke yake. Walihesabu mipapai, mashina ya katani na mihogo iliyokuwa bado ardhini. Walipima nyumba ya bibi, jiko la nje, choo na zizi. Walipofika kwenye makaburi manne nyuma ya nyumba walivua kofia, wakauliza ni ya nani, wakaandika. Bibi alisimama mbele ya kila kitu kilichohesabiwa akishika kibao chenye namba, akipigwa picha, kama mtuhumiwa.

Walipofunga mafaili, bibi aliuliza swali moja: "Na ngitili je?"

Ngitili yetu ilikuwa ng'ambo ya kijito, ekari kama sita. Kwa asiyefahamu, ngitili ni malisho yaliyotengwa. Mvua zikianza unalifunga eneo na ng'ombe hawaingii. Nyasi zinakua, miti inapumzika, na kiangazi kikikaza unafungua kidogo kidogo: ndama kwanza, ng'ombe wazee, wagonjwa, na maksai wanaosubiri kulima. Babu aliifunga ngitili hiyo kila mwaka mpaka alipofariki, na bibi akaendelea.

Mthamini alitazama ng'ambo ya kijito. "Lile ni pori, mayu. Hakuna maendelezo pale."

Bibi akanigeukia mimi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimekuja likizo, na katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa vitabu. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua: "Ndivyo sheria ilivyo, bibi. Ardhi ni ya umma. Wanalipa kile ulichofanya juu yake, hawalipi ardhi tupu."

Akaweka dole gumba.

Mradi wenyewe sitautaja. Si mbaya kuliko mingine, na watu wa kijijini bado wana mambo yao nao. Ulikuwa wa manufaa ya umma, na hilo sikulipinga wala silipingi leo. Barabara lazima ipite mahali, na bwawa lazima lizamishe shamba la mtu. Kinachonisumbua ni ile sentensi yangu. Sasa niko shahada ya uzamili, nasoma historia ya ardhi katika mikoa ya Shinyanga na Geita, na nusu ya kazi yangu imekuwa kutafuta nilikoipata sentensi hiyo.

Niliipata, kwanza, Berlin. Mnamo Novemba 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kuhusu ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ardhi yote isiyo na mwenyewe ingekuwa mali ya Dola, na anayedai ni yake alete ushahidi. Tafakari maana yake kwa Msukuma wa wakati ule. Shamba lenye mtama lilionekana lina mwenyewe. Shamba lililopumzishwa miaka mitatu, au malisho yaliyofungwa ili yaote, halikuwa na cha kuonyesha, kwa kuwa kazi iliyofanyika pale ilikuwa ni kuyaacha. Neno "pori" halikuanzia kwa mthamini wetu.

Waingereza walipochukua Tanganyika walitunga Sheria ya Ardhi ya 1923. Hiyo ilitangaza ardhi yote, inayokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 wakarekebisha sheria ili haki ya wenyeji kwa mila ihesabiwe nayo kuwa haki ya kumiliki. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini haki ya mila haikuwa na hati, na kwa miaka mingi wanasheria walibishana kama ni mali kweli au ni ruhusa tu ya kukaa mpaka Gavana atakapokuhitaji uhame.

Kisha akaja mtu ambaye sisi sote tumelelewa na maneno yake. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipendekeza ardhi iweze kumilikiwa moja kwa moja na kuuzwa kama bidhaa. Julius Nyerere alijibu kwa makala aliyoiita Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu. Ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake, hakuna binadamu aliyeitengeneza, kwa hiyo hakuna awezaye kusema ni yangu nikuuzie. Aliogopa kwamba wenye fedha wachache wangenunua nchi nzima, na wengine wote wangebaki wapangaji kwao wenyewe. Ukitazama yaliyotokea kwingineko Afrika, huwezi kusema aliogopa bure.

Baada ya Uhuru hoja hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja uliokuwapo ulifutwa. Mwaka 1967 ikaja Sheria ya Utwaaji Ardhi, ambayo inampa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi yoyote kwa manufaa ya umma. Sheria hiyo inayataja manufaa yenyewe, na uchimbaji wa madini umo. Fidia ilikuwepo, lakini kwa maendelezo: nyumba, miti, mazao. Ardhi tupu haikuwa na bei. Hapo ndipo sentensi yangu ilipozaliwa. Nilifundishwa darasani kama sehemu ya uzalendo, na sikuwahi kuuliza ilifanya kazi gani ilipotoka darasani ikaenda kijijini.

Shinyanga ilifika katika miaka ya 1970. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Wasukuma walikuwa wakiishi mbalimbali, kila kaya na mashamba yake, zizi lake na ngitili yake. Operesheni ilipopita kaya zilisogezwa pamoja. Bibi alikuwa ameolewa karibuni. Anakumbuka kwamba nyumba ilibomolewa nyasi za paa zikiwa bado mpya, na kwamba babu aliendelea kwenda usiku kuangalia kama kuna ng'ombe wa watu wameingia kwenye ngitili. Baadaye akaacha, maana hakukuwa tena na sababu ya kulinda. Kitu kilichokuwa cha mtu kilikuwa sasa cha kila mtu, na kila mtu alichunga humo.

Hilo halikutokea kwetu peke yetu. Ngitili za Shinyanga zilikaribia kwisha, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mkoa ulikuwa ukitajwa kama jangwa linalokuja. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya kupanda. Baadaye waligundua kwamba njia rahisi zaidi ni kuwaacha watu wafunge ngitili zao tena. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, tathmini zilikuwa zikizungumzia zaidi ya hekta 300,000 zilizorudi. Watu kutoka nje ya nchi walikuja kujifunza. Serikali ileile ambayo sheria yake haikuona kitu ngitilini ilikuwa sasa ikiionyesha kwa wageni.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo laiti ningeijua mwaka 2019.

Katika kijiji cha Kambi ya Simba, huko Karatu, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa na ardhi ya kimila ambayo familia yao iliishika tangu 1943. Operesheni Vijiji iliwatoa. Miaka ya 1980 walikwenda mahakamani kuidai na wakashinda. Wengine wengi walikuwa wakifanya hivyo hivyo, na serikali ikaingiwa na hofu. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji hivyo, ikakataza fidia, na ikazuia mahakama kusikiliza madai hayo. Baba na mwana wakaenda Mahakama Kuu kudai kwamba sheria hiyo inavunja Katiba. Wakashinda tena. Serikali ikakata rufaa.

Tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu. Ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, na inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba kama mali nyingine yoyote. Kuichukua bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Tena ikasema fidia ya haki haiishii kwenye maendelezo yanayoonekana. Hata pasipokuwa na nyumba wala mti, kama mtu ameiongezea ardhi thamani kwa jasho lake, thamani hiyo ihesabiwe.

Jaji Mkuu aliyapata wapi mamlaka ya kusema hivyo? Kwa Nyerere, katika makala ileile ya 1958. Kumbe baada ya kusema ardhi ni zawadi ya Mungu, Mwalimu aliendelea. Alisema mtu anapotumia nguvu na akili zake kusafisha kipande cha ardhi, amekiongezea thamani, na thamani hiyo ni yake. Kwa miaka karibu 30 tulikuwa tumesoma nusu ya hoja. Nilipoisoma hukumu hiyo maktaba, nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilimwona bibi mbele ya ngitili, na mimi pembeni yake nikimsomea nusu ya Nyerere.

Na si hukumu tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema wazi kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba anayetwaliwa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za 2001 zinataka thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, kodi ya makazi kwa miezi 36, na riba kama malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita. Mimi nilizaliwa 1998. Nilimshauri bibi yangu kwa sheria iliyokufa nikiwa mtoto mchanga.

Lakini ingekuwa rahisi mno kumaliza hapa, kwamba sheria ni nzuri na shida ni ujinga wangu. Kuna Bulyanhulu.

Bulyanhulu iko wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Dhahabu ilijulikana pale katikati ya miaka ya 1970, na wachimbaji wadogo walimiminika, wakachimba maduara, wakajenga maduka, vibanda na familia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilikuwa ikinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo bila kuuliza maswali mengi. Agosti 1994, miezi minne kabla ya hukumu ya Nyalali, serikali iliipa leseni Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada.

Hapa inabidi kueleza jambo moja. Katika sheria zetu ardhi ni kama nyumba ya ghorofa. Juu anaweza kukaa mtu mwenye haki yake, ya hati au ya mila. Chini, yaliko madini, mwenye nyumba ni Jamhuri. Serikali ikimpa mtu leseni ya chini, wa juu ndiye anayetakiwa kupisha, na swali linabaki kupishwa kwa bei gani. Mchimbaji mdogo asiye na leseni ana hali mbaya zaidi, kwa sababu hahesabiki juu wala chini.

Mwaka 1995 kampuni ilikwenda Mahakama Kuu Tabora kuomba wachimbaji waondolewe, na haikupata amri iliyoitaka. Mwisho wa Julai 1996 serikali yenyewe iliamuru waondoke. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu ilitoa zuio. Uondoaji haukusimama, na siku chache baadaye maduara yalifukiwa kwa mashine. Yakaibuka madai mazito kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Barrick ya Kanada ilinunua Sutton mwaka 1999 na mgodi ukaanza uzalishaji 2001. Wanasheria wa mazingira wa LEAT walipeleka malalamiko kwa ofisi ya usuluhishi ya Kundi la Benki ya Dunia, kwa kuwa kundi hilo lilikuwa limeuwekea mgodi dhamana ya bima. Mwaka 2002 ofisi hiyo ilisema haikuona msingi wa madai hayo ya vifo. LEAT haikukubali.

Mimi sitaamua jambo hilo hapa. Ninachokitazama ni kitu kidogo zaidi: idadi ya walioondolewa. Kuna makadirio ya maelfu, na kuna makadirio ya mamia ya maelfu. Tofauti ya namna hiyo hutokea mahali ambapo hakuna aliyeandika. Hapakuwa na futi kamba wala mtu aliyesimama mbele ya duara lake akiwa na kibao chenye namba. Ndiyo maana mabishano ya nani alilipwa, nani hakulipwa na nani alikuwepo kabisa yaliendelea kwa miaka. Huwezi kudai fidia ya kitu ambacho kwanza unatakiwa uthibitishe kwamba kilikuwepo.

Marekani nao waligombana kuhusu jambo la jirani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu yao, kwa kura tano dhidi ya nne, iliuruhusu mji wa New London kutwaa nyumba za watu ili kupisha maendeleo ya wawekezaji binafsi. Nchi nzima ilikasirika, na miaka mingi baadaye kiwanja kilikuwa bado kitupu. Lakini ugomvi ule ulihusu lengo: je, manufaa ya mwekezaji ni manufaa ya umma? Kwetu swali hilo sheria ililijibu tangu 1967 ilipoyataja madini. Ugomvi wetu umekuwa wa orodha. Kabla serikali haijatwaa kitu, kuna mtu anaandika ni nini kilichopo, na kisichoandikwa hakitwaliwi kamwe, kwa sababu kwenye karatasi hakijawahi kuwepo. Mjerumani aliandika kilichokuwa na mtama. Sheria ya 1967 iliandika maendelezo. Mthamini wetu aliandika mpaka kwenye kijito, halafu akasimama, na mimi nikamwambia bibi kwamba kijito ndio mwisho wa dunia.

Sitaki kumfanya yule mthamini kuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, alikuwa na kaya 40 za kumaliza wiki ile, na kwenye fomu yake hakukuwa na mstari wa ngitili. Wala bibi hakuweka dole kwa sababu ya maneno yangu tu. Baadaye aliniambia alichokuwa akikifikiria: mahema. Mwaka 2007 familia za Mtakuja, jirani na mgodi wa Geita, ziliondolewa, na baadhi yao waliishi kwenye mahema mjini Geita kwa miaka. Bibi aliyaona kila alipokwenda sokoni. "Nilisema nikibisha sana watanisahau, nitakuja kukaa hemani," alisema. Hofu ilikuwa mezani tangu mwanzo, na haikuwa na mstari kwenye fomu.

Fidia ilikuja. Ilitosha kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati, pembeni mwa mji, karibu na baba mdogo. Makaburi yalihamishwa kwa heshima, mchungaji akiwepo. Ng'ombe waliuzwa mmoja baada ya mwingine kwa sababu hakukuwa na pa kuwaweka kiangazi. Wa mwisho aliuzwa 2021. Hakuna aliyemlazimisha bibi kuwauza, na hakuna takwimu itakayosema waliondolewa na mradi.

Desemba iliyopita nilikwenda kumwona nikiwa na daftari. Nilimweleza habari za Karatu, za Jaji Nyalali, na kwamba mwaka ule nilimwambia kitu kisicho kweli. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Alisikiliza, akaniuliza kama nimekula.

Baada ya kula ndipo akasema, haya, andika. Akanitajia ngitili nzima. Nyasi za kuezekea, mafungu mangapi kwa mwaka. Kuni za kaya mbili. Mizizi ya dawa ya tumbo la watoto, na mti ambao majani yake hupewa ng'ombe aliyekwama kuzaa. Mizinga mitatu ya nyuki, na mmoja uliowahi kuibwa. Maksai wanne waliolima na kukodishwa kulima kwa wengine. Uyoga wa mwezi wa kwanza. Njia ya mkato ya kwenda kisimani. Alikumbuka kwa mpangilio, akianzia upande wa kijito na kupanda, kana kwamba anatembea. Ilijaza kurasa nne.

Nilipofunga daftari aliniuliza: "Sasa hii unampelekea nani?"

Nikamwambia nampelekea msimamizi wangu wa tasnifu.

"Atalipa?"

"Hapana, bibi. Atasahihisha."

Alicheka sana. Kisha akaniambia nifungue tena, nimesahau kuandika kwamba upande wa juu palikuwa na jiwe ambalo babu alikuwa akikaa jioni.